Weka Saa ya Kompyuta Sawa Kabla ya Kurusha FT8: Mbinu za Busia na Tororo

Antena iko juu. Redio imewaka kwenye 14.074 MHz. Skrini ya programu ya WSJT-X imejaa mistari ya rangi inayoshuka, na masikioni unasikia milio ya vituo vingi. Lakini dirisha la maandishi ni tupu. Hakuna hata kituo kimoja kilichofumbuliwa.

Ukiona hivyo, usiguse antena wala usiongeze nguvu. Angalia saa ya kompyuta.

FT8 ni mawasiliano ya redio ya kidijitali yanayokwenda kwa zamu. Kila zamu ni ya sekunde 15, na zamu hufunguka sekunde ya 00, 15, 30 na 45 ya kila dakika, dunia nzima kwa mpigo mmoja. Anayerusha huanza nusu sekunde baada ya zamu kufunguka, hurusha kwa sekunde 12.64, kisha hunyamaza. Muda mfupi unaobaki ni wa kompyuta kufumbua alichosema. Zamu inayofuata ni ya mwenzake. Saa yako ikiwa mbele au nyuma kwa sekunde tatu, huwasomi na wao hawakusomi.

Lengo lako liwe hili: kosa lisizidi nusu sekunde. Programu huvumilia zaidi ya hapo, hata sekunde mbili na kidogo, lakini ukifika huko vituo dhaifu huanza kukuponyoka, na vituo dhaifu ndivyo vilivyokufanya uchague FT8. Kwa FT4, mtindo mwingine wa aina hii ambao zamu yake ni sekunde 7.5 tu, kuwa mkali zaidi. WSPR ina zamu ya dakika 2 na huanza sekunde moja baada ya dakika inayogawanyika kwa mbili, lakini nayo inataka sekunde zako ziwe sawa.

FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Steve Franke na Joe Taylor. F ni ya Franke, T ni ya Taylor. Huyu Taylor ndiye mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsar inayozungukana na nyota nyingine, na kazi hiyo yote ilitegemea kupima wakati kwa umakini mkubwa. Usishangae basi kwamba programu yake haina huruma na saa mbovu.

Kwa nini mpakani saa hupotea

Busia na Tororo ziko chini ya kilomita 30 kutoka moja hadi nyingine kwa mstari ulionyooka. Kwenye ramani ya redio, miji hii yote miwili, pamoja na Malaba, iko ndani ya mraba mmoja: KJ70. Mtu wa Japani au Brazili akiona KJ70 kwenye skrini hawezi kujua uko upande gani wa mpaka mpaka asome alama yako ya wito: 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda. Vituo vya huku si vingi hewani, kwa hiyo ukiita utaitikiwa na wengi. Usiwapoteze kwa sababu ya sekunde mbili.

Shida ya hapa ni mtandao. Umekaa Busia ya Kenya, simu inashika mnara wa Uganda. Unahamisha kiti upande wa pili wa nyumba, inarudi Kenya. Mara data imezimwa kwa sababu hukuwasha roaming. Kompyuta inayotegemea hotspot ya simu inakaa siku nzima bila kurekebisha saa, na haikwambii. Stima ikipotea, mambo huharibika zaidi.

Na usinakili saa kwa macho kutoka kwenye simu. Saa ambayo mnara wa simu huitangaza inatosha kukuwahisha kazini, lakini inaweza kukosea kwa sekunde kadhaa.

Anza na ukanda wa saa

Kabla ya sekunde, weka saa na tarehe sawa. Kenya na Uganda ziko ukanda mmoja, saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na hakuna kubadilisha saa kwa majira ya joto. Kwenye Windows chagua ukanda wenye jina la Nairobi, UTC+03:00. Kwenye Linux ni Africa/Nairobi au Africa/Kampala. Yote mawili yatakupa saa ile ile.

Watu wengi hukosea hapa. Kompyuta imetoka Ulaya au Dubai ikiwa mtumba. Mwenyewe anaona saa si sawa, anaisukuma mpaka ifanane na saa ya ukutani, lakini anaacha ukanda wa London. Kwa macho kila kitu ni sawa. Ndani, katika miezi ambayo London haijabadilisha saa, kompyuta inaamini kwamba UTC ni saa tatu mbele ya ukweli.

Kosa hili ni baya kwa sababu FT8 itafanya kazi. Saa tatu kamili zinagawanyika kwa sekunde 15 bila baki, kwa hiyo utafumbua na utajibiwa. Tatizo litajitokeza kwenye daftari la mawasiliano. Logbook of The World, daftari la mtandaoni, huthibitisha mawasiliano pale tu saa zenu mbili zisipopishana kwa zaidi ya dakika 30. Wewe umeandika saa tatu mbele. Utafanya kazi mwezi mzima, na hutapata uthibitisho hata mmoja.

Dirisha la WSJT-X linaonyesha UTC kwa herufi kubwa. Izoee kuisoma. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuna njia rahisi kuliko Mzungu: chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza tatu, umepata UTC. Saa mbili asubuhi ni 05:00. Saa sita mchana ni 09:00. Saa kumi jioni ni 13:00. Usiku ongeza kumi na tano: saa moja usiku ni 16:00, saa nne usiku ni 19:00, saa sita usiku ni 21:00.

Saa tisa usiku ndiyo mpaka wa siku. Hapo UTC inafika 00:00 na tarehe mpya inaanza. Ukirusha saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, daftari litaandika Jumamosi. Liache liandike hivyo.

Ukiwa na intaneti

Kama una data, hata kidogo, hii ndiyo njia ya haraka. Kompyuta huuliza saa kwa itifaki inayoitwa NTP. Ujumbe wake wenyewe ni baiti 48, kwa hiyo bando dogo kabisa linatosha. Usiogope pia kwamba mtandao wa simu una ucheleweshaji. NTP hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha huugawa kwa mbili. Hata safari ikiwa ya nusu sekunde, kosa linalobaki haliwezi kuzidi robo sekunde, na kwa kawaida ni chini ya hapo.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya tarehe na saa, bonyeza Sync now. Hiyo ni ya haraka. Lakini Windows ikiachwa yenyewe hairekebishi mara kwa mara inavyotakiwa, kwa hiyo ielekeze kwenye seva nzuri. Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator. Kama huduma ya saa imelala, iamshe:

net start w32time

Kisha andika:

w32tm /config /manualpeerlist:"africa.pool.ntp.org pool.ntp.org" /syncfromflags:manual /update

Halafu:

w32tm /resync

Kuona kosa limebaki kiasi gani, andika:

w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org

Mistari itaanza kushuka, kila mmoja na tofauti ya saa yako kwa sekunde. Ukiona sifuri nukta sifuri na kitu, umefika. Bonyeza Ctrl na C kusimamisha.

Ukitaka kitu kinachojiendesha, weka programu ya NTP ya Meinberg. Ni ya bure. Inakaa nyuma ya pazia na kuirekebisha saa polepole muda wote, bila kuirusha mbele na nyuma ghafla. Mimi naipendelea kuliko zote kwa kituo kisichohama.

Kwenye Linux, weka chrony. Amri ya chronyc tracking itakuonyesha kosa, na sudo chronyc makestep italiondoa papo hapo. Kwenye Mac, andika sudo sntp -sS time.apple.com.

Tumia programu moja tu. Ukiweka mbili, moja itavuta saa mbele na nyingine itairudisha, na utashinda ukitafuta kosa ambalo halipo kwenye redio. Ukiweka mpya, zima ya zamani.

Kuna Wi-Fi za hoteli, ofisi na saiberi zinazofunga mlango namba 123, ambao NTP hupitia. Kurasa zitafunguka vizuri lakini saa itagoma. Usipoteze muda kubishana nayo. Washa hotspot ya simu kwa dakika mbili, rekebisha saa, kisha rudi kwenye Wi-Fi.

Saa ikishakuwa sawa, itakaa sawa kwa muda gani? Fuwele inayoendesha saa ya kompyuta hukosea kidogo kidogo. Fuwele ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 katika milioni hupoteza au huongeza sekunde 1.7 kwa siku. Joto la chumba hubadilisha kasi hiyo, na kompyuta iliyolazwa bila kuzimwa inaweza kuamka ikiwa na kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo ukienda shambani bila mtandao, rekebisha saa asubuhi hiyo hiyo unapoondoka. Ya jana usiku haitoshi.

GPS ya USB

Kama unataka kuacha kuutegemea mtandao wa upande wowote, nunua kipokezi kidogo cha GPS cha USB. Kinachomekwa kwenye kompyuta na kuleta wakati moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti. Hakihitaji bando wala laini ya simu.

Kwenye Windows, programu ya bure ya BktTimeSync inaweza kusoma GPS na kuweka saa. Ipe namba ya bandari ya COM ambayo kipokezi kimepewa. Utaiona kwenye Device Manager. Kasi ya kawaida ya vipokezi hivi ni 9600. Kwenye Linux, gpsd ikishirikiana na chrony inafanya kazi hiyo hiyo.

Sasa sikiliza mambo ya mahali petu. Kwanza, mabati. GPS haipiti kwenye paa la mabati. Ukiiweka mezani katikati ya chumba, itatafuta setilaiti mpaka uchoke. Nunua waya wa USB wa kurefusha, itoe dirishani au nje kabisa, mahali inapoona anga. Ukifunga kituo karibu na Mwamba wa Tororo, kumbuka kwamba jabali lile linaziba sehemu ya anga. Iweke GPS upande ulio wazi.

Pili, ipe muda. Mara ya kwanza, au baada ya kukaa kabatini kwa wiki kadhaa, iache nje kwa robo saa kabla ya kuiamini. Setilaiti za GPS zina saa yao, na tangu Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Setilaiti hutangaza tofauti hiyo, lakini ujumbe wote huchukua dakika 12 na nusu kumalizika. Kabla haujafika, baadhi ya vipokezi hutumia tofauti ya zamani iliyohifadhiwa ndani yao, na saa yako itakosea kwa sekunde nzima moja au zaidi.

Tatu, ucheleweshaji wa USB. Taarifa ya wakati inafika kompyuta ikiwa imechelewa kwa sehemu ya sekunde. Programu hizi zina sehemu ya kuweka marekebisho. Yaweke mara moja kwa kutumia safu ya DT, ambayo nakuelezea hapa chini, kisha usiyaguse tena.

Nne, iweke mbali na antena yako. Ukirusha wati mia karibu nayo, USB inaweza kukatika katikati ya mawasiliano. Pete ya feraiti kwenye waya husaidia.

Soma DT

Ukishika sehemu hii, utaweza kujirekebisha popote.

Kila kituo kinachofumbuliwa kwenye WSJT-X kina safu inayoitwa DT. Ni tofauti kati ya wakati kituo kile kilipoanza kurusha na wakati saa yako ilipotegemea kianze, kwa sekunde. Kwa saa nzuri utaona 0.1, 0.2, -0.1, 0.3 na kadhalika. Hicho ndicho unachotaka.

Usiangalie kituo kimoja. Angalia kumi au zaidi, kutoka nchi tofauti. Kituo kimoja chenye 1.4 kati ya vingine vyenye 0.2 kina shida yake mwenyewe. Lakini vyote vikiwa karibu na 1.2, tatizo ni lako. Haiwezekani dunia nzima ikosee kwa kiasi kile kile.

DT yenye alama ya kujumlisha maana yake saa yako iko mbele: vituo vinaonekana kuchelewa kwa sababu wewe umetangulia. DT yenye alama ya kutoa maana yake saa yako iko nyuma. Iandike mahali mpaka uizoee, maana ukiigeuza utaongeza kosa mara mbili.

Kurekebisha bila mtandao wala GPS ni rahisi. Kwenye Windows fungua PowerShell kama msimamizi. Kama vituo vingi vinaonyesha 1.2, rudisha saa nyuma kwa kiasi hicho:

Set-Date -Adjust -0:0:1.2

Kama vinaonyesha -0.8, isogeze mbele:

Set-Date -Adjust 0:0:0.8

Subiri zamu mbili, angalia DT tena. Kazi imekwisha. Kituo cha KJ70 chenye bendi hai kinaweza kuweka saa yake kwa njia hii bila shilingi moja ya bando.

Zingatia kwamba njia hii inarekebisha sekunde tu. Dakika, saa na tarehe hakikisha kwa njia nyingine, kwa sababu kosa la sekunde 15 kamili, au dakika kamili, halionekani kwenye DT.

Jihadhari pia na majaribio ya watu wawili tu. Wewe wa Busia na mwenzako wa Tororo mkiweka saa zenu kutoka chanzo kimoja kibovu, mtasomana vizuri kabisa na mtaamini mambo ni sawa, huku dunia nzima haiwasomi. Pima kwa vituo vya mbali.

Ukikosa hata kimoja cha kufumbua

Inawezekana saa imepotea sana hivi kwamba hakuna DT ya kusoma. Hapo tumia masikio.

Fungua sauti ya redio kwenye 14.074 MHz bendi ikiwa hai. Milio inaanza kwa pamoja, inaendelea, kisha karibu yote inakatika kwa takriban sekunde mbili, halafu inaanza tena. Mwanzo huo ni nusu sekunde baada ya 00, 15, 30 au 45. Angalia saa yoyote iliyo karibu na ukweli ili ujue ni ipi kati ya hizo nne. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika saa ya hapa inayokuja, kwa mfano time 14:25:00, na uweke kidole juu ya Enter. Milio ikianza tu, bonyeza. Utakuwa umekosea kwa chini ya sekunde moja, vituo vitaanza kufumbuliwa, na DT itakusaidia kumalizia.

Kama FT8 imelala, sikiliza vinara vya kimataifa vya NCDXF na IARU kwenye 14.100 MHz. Vipo 18, vinapokezana kila sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3, na GPS ndiyo inayovipangia zamu. Kila kimoja hutuma alama yake kwa Morse kisha mistari minne ya sekunde moja, kwa wati 100, 10, 1 na 0.1. Kenya inacho chake: 5Z4B. Kwenye 14.100 zamu yake inaanza dakika 1 na sekunde 50 ndani ya kila mzunguko. Mizunguko huanza dakika ya 00, 03, 06 na kuendelea, kwa hiyo 5Z4B ni dakika ya 01:50, 04:50, 07:50. Kwa umbali wa Busia mawimbi ya 5Z4B yanaweza kukuruka juu. Basi sikiliza jirani zake kwenye ratiba: ZS6DN ya Afrika Kusini inatangulia kwa sekunde 10, kwenye 01:40, na 4X6TU ya Israeli inafuata kwenye 02:00. ZS6DN ikianza wakati saa yako inasema 01:43, saa yako iko mbele kwa sekunde tatu.

Kuna pia vituo vya wakati. BPM ya China inapiga sekunde kwenye 5, 10 na 15 MHz. Umbali haukusumbui: mawimbi hutumia takriban sehemu tatu za mia za sekunde kufika huku. Epuka dakika ya 25 hadi 29 na ya 55 hadi 59 za kila saa, kwa sababu wakati huo BPM hutuma UT1, kipimo kingine cha wakati ambacho kinaweza kutofautiana na UTC kidogo.

Usitumie milio ya saa ya televisheni wala ya redio inayoletwa kwa setilaiti au intaneti. Kupanda na kushuka kwa setilaiti peke yake ni robo sekunde, na mitambo ya kidijitali huongeza sekunde nzima kadhaa.

Ikiwa saa inarudi nyuma kila unapowasha

Laptop inayokupeleka mwaka wa nyuma kila stima ikipotea ina betri ndogo iliyokufa. Kwenye mashine nyingi ni CR2032, ile bapa kama sarafu. Mpelekee fundi yeyote wa kompyuta, ataibadilisha kwa muda mfupi. Fanya hivyo mapema. Hakuna programu itakayokuokoa na betri iliyokufa.

Kama una Windows na Linux kwenye mashine moja na kila ukihama saa inaruka kwa saa tatu kamili, ni kwa sababu Windows huhifadhi saa ya hapa na Linux huhifadhi UTC. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1. Itanung'unika kidogo kwenye skrini, lakini itakubali.

Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani kabisa. Ikizimika bila mtandao, inaamka na saa ya zamani. Iwekee moduli ya DS3231 yenye betri. Kosa lake ni sehemu 2 katika milioni, yaani chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde kwa siku. Kwa kituo cha shambani kinachotumia betri ya sola, hicho ni kifaa cha lazima.

Kabla hujavuka mpaka na redio

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimerahisisha safari ya mizigo na watu. Leseni yako ya redio haivuki nawe. Upande wa Kenya mamlaka ni Communications Authority, upande wa Uganda ni Uganda Communications Commission. Kabla ya kurusha upande wa pili, pata kibali cha upande huo. Uliza Amateur Radio Society of Kenya au Uganda Amateur Radio Society wakuelekeze. Beba nakala ya leseni, na itangaze redio yako forodhani. Mtu mwenye waya mrefu, betri na kompyuta karibu na mpaka ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe.

Ukishapata kibali, badilisha alama ya wito kwenye mipangilio ya WSJT-X. Mraba wa KJ70 hautabadilika kati ya Busia na Tororo. Ukisonga hadi Mbale unaingia KJ71, na Kampala ni KJ60.

Ukikaa mezani, fuata utaratibu mmoja kila siku: washa GPS au data, rekebisha saa, hakikisha UTC kwenye skrini inalingana na saa ya Kiswahili uliyoiongezea, sikiliza zamu nne bila kurusha, soma DT za vituo kumi. Zikiwa chini ya nusu sekunde, ita. Baada ya dakika kumi fungua PSK Reporter uone nani amekusikia. Kama unawasoma watu wengi na hakuna anayekusoma, rudi kwenye DT kabla hujapanda juu ya paa.

Na kama mwezi huu una pesa za kununua kitu kimoja tu cha kituo chako, nunua GPS ya USB. Kikuza nguvu kinaweza kusubiri.